Tiketi Hukatwa Mwisho: Madai Saba Kuhusu Viza ya Kufundisha Kiingereza Ng'ambo

Mwalimu wa Dar es Salaam au Nakuru anayetaka kwenda kufundisha Kiingereza China, Thailand, Japani au nchi za Ghuba hupewa ushauri mwingi kabla hajaishika hata fomu moja ya viza. Binamu aliyewahi kufika Guangzhou ana lake. Wakala mwenye ofisi ya chumba kimoja ghorofani ana lake. Kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja chuoni lina lake, na kila siku linaongeza jipya. Mengi kati ya hayo yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanasambaa.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuueleza. Karibu kila nchi inayoajiri walimu wa kigeni huanza na mwajiri: shule inaomba ruhusa ya kumwajiri mgeni, mwalimu anapeleka hati zake zilizothibitishwa, serikali ya huko inatoa barua ya kukubali, ubalozi unatoa viza, halafu tiketi inakatwa. Madai ninayoyajibu hapa huuvuruga mfuatano huo kwa namna moja au nyingine, na ukishavurugika, hasara huwahama shule na wakala ikamwangukia mwalimu peke yake.

Dai la 1: "Nenda na viza ya utalii, utaibadilisha hukohuko"

Hili ndilo linalowaingiza wengi matatani, kwa hiyo tulitazame kwa kirefu, na tuanzie China.

Mwalimu halali huingia China kwa viza ya Z. Ili ubalozi umpe, shule lazima iwe imekwisha kupata taarifa ya kibali cha kazi yenye jina lake, kupitia mfumo mmoja wa nchi nzima ulioanza 2017. Akishafika, ana siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Viza ya L ni ya utalii na viza ya M ni ya biashara. Hakuna kati ya hizo inayomruhusu mtu kusimama mbele ya darasa kwa mshahara, hata kama shule ina sare nzuri na basi la njano.

Sheria ya China ya Kuingia na Kutoka Nchini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inataja adhabu waziwazi. Mgeni anayefanya kazi bila kibali hutozwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa mahabusu siku 5 hadi 15 juu ya faini hiyo. Anaweza kurudishwa kwao, na aliyerudishwa hufungiwa mlango kwa mwaka mmoja hadi mitano. Shule nayo hutozwa faini, yuan 10,000 kwa kila mgeni, isizidi 100,000. Linganisha mizani hiyo: shule italipa na Jumatatu itafungua milango kama kawaida, mwalimu atakuwa uwanja wa ndege akisindikizwa.

Kabla hata polisi hawajafika, kuna hasara nyingine. Shule ikikata nusu ya mshahara, mwalimu asiye na kibali hawezi kwenda ofisi ya kazi kulalamika bila kujishtaki mwenyewe. Wapo waajiri wanaolijua hilo vizuri, na ndio hao wanaopenda mwalimu aje "kwa utalii kwanza".

Chembe ya ukweli iko Thailand. Huko, mtu aliyepata mwajiri akiwa ndani ya nchi anaweza, kwa masharti na kabla siku zake hazijakaribia kuisha, kuomba abadilishiwe viza ya utalii iwe ya aina ya B, ile ya kazi. Lakini kubadilishiwa viza si kupewa kibali cha kazi. Anayefundisha kabla ya kukipata kibali hicho anaweza kutozwa faini ya baht 5,000 hadi 50,000 na kurudishwa kwao.

Wakala atakuuliza: mbona fulani alifanya hivyo na yuko salama? Fulani huyo huenda ana pasipoti ya nchi nyingine, au alikwenda kanuni zikiwa legevu, au anafanya kazi kwa kujificha na hajakamatwa bado.

Dai la 2: "Kiingereza ni lugha rasmi kwetu, kwa hiyo milango yote iko wazi"

Uchungu wa dai hili ni kwamba lilistahili kuwa kweli. Kenya, Kiingereza ni lugha rasmi. Tanzania, ndicho kinachofundishiwa sekondari na vyuo vikuu. Lakini ofisa wa viza hapimi sarufi yako wala matamshi. Anaangalia jalada la pasipoti.

Kwa kufundisha Kiingereza, Korea Kusini hutoa viza ya E-2, ya walimu wa lugha, kwa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mwalimu wa Johannesburg anahesabiwa. Wa Nairobi hahesabiwi, hata awe amefundisha fasihi ya Kiingereza nusu ya umri wake. China nayo inataka, kimsingi, mwalimu wa lugha ya kigeni afundishe lugha ya mama ya nchi anakotoka, awe na shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka 2. Kwa hiyo Mtanzania anayeahidiwa viza ya Z ya kufundisha Kiingereza aulize mapema: kibali changu kitaombwa kwa cheo gani? Kuna shule humwandikisha mwalimu kama mshauri wa mauzo au msimamizi wa ofisi, kisha zikampa chaki. Kwa sheria ileile ya 2013, kufanya kazi nje ya ile iliyotajwa kwenye kibali ni sawa na kufanya kazi bila kibali.

Mlango uliofungwa hapa hufunguka pembeni. Mwenye shahada ya hisabati au fizikia na uzoefu wa miaka 2 anaweza kuajiriwa China kufundisha somo lake kwa Kiingereza, maana sharti la lugha ya mama linawahusu walimu wa lugha. Na kanuni hiyohiyo inayomzuia Mtanzania kufundisha Kiingereza inamruhusu kufundisha Kiswahili, somo lililopo kwenye Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing, ingawa nafasi za namna hiyo ni za kuhesabu kwa vidole.

Japani ina hesabu yake. Anayeomba hadhi ya mwalimu wa lugha katika shule za msingi na sekondari lazima awe amesomeshwa kwa lugha hiyo miaka 12 au zaidi. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, ana miaka 6 ya sekondari na 3 ya chuo: jumla 9. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4, aliyeanza kufundishwa kwa Kiingereza darasa la 4, ana miaka 5 ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo: jumla 13. Majirani wawili wenye Kiingereza sawa, mmoja anapita, mwingine anakwama. Anayefikisha miaka hiyo aombe mapema barua kutoka kila shule inayosema alifundishwa kwa lugha gani na kuanzia mwaka gani. Shule binafsi za lugha hutumia hadhi nyingine yenye masharti yake, kwa hiyo swali la kumuuliza mwajiri wa Japani ni lilelile: unaniombea hadhi ipi?

Thailand haina orodha ya kufunga namna ile ya Korea. Inataka shahada, matokeo ya mtihani wa Kiingereza kwa wasiotoka nchi ambako Kiingereza ni lugha ya mama, mara nyingi TOEIC ya alama 600, na ruhusa ya Baraza la Walimu la huko. Kwa pasipoti zetu, nguvu nyingi zielekezwe kwenye nchi za namna hii badala ya kupigana na ukuta wa Seoul.

Dai la 3: "Cheti cha TEFL cha saa 120 ndicho kinachotoa viza"

Matangazo ya kozi hizi husema hivyo kwa sababu yanauza kozi. Hakuna chombo kimoja cha dunia kinachotoa cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni. Kuna kampuni nyingi, zingine makini, zingine zinakutumia cheti kabla hujamaliza kusoma ukurasa wa kwanza.

Cheti hicho kina kazi yake, ila ni ndogo kuliko inavyotangazwa. China, cheti cha kimataifa kinachokidhi masharti kinaweza kufidia ile miaka 2 ya uzoefu, lakini hakifidii shahada wala hakibadilishi uraia. Aliyesomea ualimu chuo kikuu, au mwenye leseni ya ualimu ya nchi yake, tayari ana msamaha huohuo. Kwa mwalimu aliyesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) kule Kenya, au mwenye shahada ya ualimu ya Dodoma au Mkwawa, kulipia kozi ya mtandaoni ili "apate viza" ni kununua kitu alichonacho kabatini. Kama lengo ni kuwa mwalimu bora wa lugha, CELTA ya Cambridge ina saa 120 pia, lakini 6 kati yake ni za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi akitazama. Shule nzuri hutofautisha cheti cha aina hiyo na kile cha kubofya tu.

Dai la 4: "Nakala yenye muhuri wa wakili inatosha"

Tuchukue nakala moja ya shahada tuigeuze nyuma. Muhuri wa kwanza ni wa wakili, nao unasema: nakala hii imelinganishwa na hati halisi. Kwa baadhi ya hati unafuata muhuri wa Msajili wa Mahakama Kuu, anayemtambua wakili yule. Kisha ule wa Wizara ya Mambo ya Nje, unaosema sahihi iliyotangulia ni ya ofisa anayejulikana. Mwisho stika au muhuri wa ubalozi wa nchi unayoenda, unaoitambua sahihi ya wizara. Kila mmoja anamshuhudia aliyemtangulia tu, hakuna anayeshuhudia kwamba ulihudhuria mihadhara. Ndiyo sababu ukiruka mmoja, anayefuata hana cha kuthibitisha, anakurudisha nyuma. Na ndiyo sababu mwajiri anaweza bado kukiandikia chuo chako kuuliza kama kweli ulihitimu.

Njia ya mkato ipo, nayo ni apostili, cheti kimoja kinachochukua nafasi ya mihuri ya ubalozi chini ya Mkataba wa Hague wa 1961. China ilianza kuutumia tarehe 7 Novemba 2023; Oman na Saudi Arabia nazo ni wanachama. Katika ukanda wetu Burundi iliingia 2015, na Rwanda ikaanza kuutumia tarehe 5 Juni 2024. Lakini apostili hufanya kazi pale tu nchi iliyotoa hati na nchi inayoipokea zote mbili zimo. Hati iliyotolewa Kigali na hati iliyotolewa Dar es Salaam zinaweza kupita njia tofauti kwenda Beijing, hata kama zinamhusu mtu mmoja. Kabla ya kulipa popote, tazama orodha ya wanachama, kisha iulize shule kwa maandishi ni uthibitisho wa aina gani ofisi ya mji wao inapokea. Jibu la "muhuri wowote tu" maana yake aliyekujibu hajawahi kumwombea mtu kibali.

Dai la 5: "Majina yakipishana kidogo hakuna neno"

Hapa nyumbani tumezoea. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mohamed, shahada inasema Muhammad, kitambulisho cha taifa kina majina matatu na pasipoti ina mawili. Mwanamke aliyehitimu kwa jina la baba ana pasipoti yenye jina la mume. Karani wa kwetu anaelewa, anacheka, anaendelea.

Sasa fungua ukurasa wa picha wa pasipoti utazame chini kabisa. Kuna mistari miwili ya herufi na alama za mshale, 44 kila mmoja. Mistari hiyo ndiyo inayosomwa na mashine, na jina lililoandikwa humo ndilo litakalokuwa kwenye viza, kibali cha kazi, akaunti ya benki na mkataba. Ofisa aliyeko Chengdu hajui kwamba Asha J. na Asha Juma ni mtu mmoja. Kwake hizo ni faili mbili, na moja haina shahada.

Dawa ni hati ya kiapo inayotaja majina yote na kueleza kwamba mwenye nayo ni mmoja, au hati ya kisheria ya kubadili jina pale ambapo jina limebadilika kweli. Hati hiyo nayo hupitia mihuri ileile ya dai la 4, jambo ambalo wengi hugundua wakiwa wamechelewa. Anayekaribia kuomba pasipoti mpya asawazishe majina kwanza, maana kuyasawazisha baadaye ni kulipa mara mbili.

Dai la 6: "Kusanya kila kitu mapema, kikae tayari"

Nusu ya ushauri huu ni mzuri na nusu inakula pesa. Shahada haichachi. Hati ya kiapo haichachi. Chanjo ya homa ya manjano, ambayo Thailand huidai kwa wasafiri wanaotoka Kenya na Tanzania, ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu Julai 2016 kadi yake hutambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nayo, kwa hiyo anayekuambia ukachomwe upya kwa sababu miaka 10 imepita hajasoma kanuni za sasa. Hivi vyote vifanye mapema.

Cheti cha polisi ni habari nyingine. China na Vietnam hukitaka kikiwa hakijazidi miezi 6. Mkenya huomba chake kupitia eCitizen na kupeleka alama za vidole kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Mtanzania huchukuliwa alama zake na Jeshi la Polisi. Anayekichukua Januari "kikae tayari", akapata kazi Agosti, anaanza upya pamoja na mihuri yote. Uchunguzi wa afya unaozeeka haraka nao usubiri. Upande wa pili kuna hati zinazozeeka mikononi mwa mwajiri: cheti cha kustahili ukaazi cha Japani, kinachotangulia viza, hudumu miezi 3 tu, na ikipita bila mwalimu kuingia nchini, shule inaanza upya.

Kwa hiyo hati zisizochacha zitangulie, zinazochacha zisubiri barua ya mwajiri, na pasipoti iwe na muda wa kutosha kuvuka mkataba wote, si miezi 6 tu ya kuingilia.

Dai la 7: "Wakala ndiye mwenye viza, mlipe atamaliza yote"

Wakala halali ana kazi ya maana: anaunganisha shule na mwalimu, anakagua mkataba, anafuatilia hati. Kenya, mawakala husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha ya wenye leseni ni ya kutazamwa na yeyote. Tanzania, mahali pa kuulizia ni Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, umeweka msingi kwamba mawakala wasimtoze mfanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Anayelipa ni mwajiri. Mihuri, chanjo na cheti cha polisi ni gharama zako, na zina stakabadhi za serikali. Ada ya "kununua nafasi ya viza" haina stakabadhi kwa sababu hakuna ofisi inayoiuza.

Viza haiwezi kuwa mali ya wakala. Inatokana na mwajiri aliyetajwa kwenye barua ya kukubaliwa, na jina hilo lazima lifanane na lililo kwenye mkataba wako na kwenye geti la shule. Likitofautiana, simama hapo.

Gharama ya kutosimama tumeiona. Mwaka 2022, na tena 2025, Wakenya waliokolewa kutoka Myanmar baada ya kuahidiwa kazi Thailand. Waliposhuka Bangkok walivushwa mpaka na kufungiwa kwenye majengo ya utapeli wa mtandaoni. Waganda nao wamo katika waliopitia hayo. Kazi zile zilikuwa na sifa moja: zilikuwa nyepesi mno upande wa karatasi.

Ndipo ninapotofautiana na wote wanaoziona hati hizi kuwa usumbufu wa kurukwa. Shule inayodai shahada iliyothibitishwa, cheti cha polisi cha miezi 6 na barua ya mwajiri wako wa zamani imelazimika nayo kujiandikisha kwa serikali yake, kutaja mshahara wako na kuweka jina lake kwenye kibali chako. Siku mkishindwana, karatasi hizo ndizo utakazozishika mbele ya ofisa wa kazi. Mwajiri anayekutumia tiketi ndani ya wiki moja bila kuuliza ulisoma wapi hajaweka jina lake popote, na usipolipwa hutakuwa na pa kumshtakia.

Akija wa kukushauri, basi, muulize mambo matatu tu: ni nani aliyeomba kibali, kwa kazi ipi, na barua ya kukubaliwa iko wapi. Akikuonyesha barua, nenda nayo ubalozini. Akikuonyesha tiketi, mrudishie.